Namna ya Kutayarisha Chai ya Majani Makubwa Nyumbani

Ni watu wachache katika Kenya wasiojua kupika chai. Hata mtoto wa miaka kumi aweza kueleza: maji na maziwa hutiwa katika sufuria, majani hutupwa ndani, sukari hufuata, na vyote huchemka pamoja mpaka povu lipande na kutaka kumwagika motoni. Chai hiyo ni njema. Huondoa baridi ya asubuhi, na mgeni akaribishwaye kwayo hana la kulalamikia. Lakini iko chai ya namna nyingine, itokayo katika mti ule ule, na pengine katika shamba lile lile, ambayo ikipikwa hivyo huharibika. Hiyo ndiyo chai ya majani makubwa, na somo hili ni la kumsaidia mtu aanzaye kuitayarisha nyumbani kwake.

Tuseme kijana afanyaye kazi Nairobi amerudi kwao Nyeri mwisho wa mwezi, naye amemletea mama yake pakiti ndogo ya chai hiyo, gramu 50, kwa bei iliyo kubwa kuliko ya pakiti ya kawaida. Mama huyo amechuma chai kwa miaka thelathini. Aifungua pakiti, aona majani meusi marefu yaliyojiviringa kama nyuzi za sufu, atikisa kichwa, kisha afanya kama afanyavyo kila siku: vijiko viwili vikubwa katika sufuria ya maziwa, moto mkali, dakika kumi.

"Mama, hii haipikwi hivyo," kijana asema.

"Mimi nilikuwa nikipika chai kabla wewe hujazaliwa," mama amjibu. "Nawe ulikua kwa hiyo hiyo."

Chai ikimiminwa, rangi yake ni hafifu na ladha yake ni ya maziwa yenye uchungu. Mama aonja, aweka kikombe chini, na kusema kwamba kijana ameibiwa fedha zake dukani. Hapo wote wawili wamekosea kidogo. Kijana hakueleza, na mama hakuuliza. Na chai yenyewe, ambayo haikufanya kosa lolote, ndiyo iliyolaumiwa.

Kwanza yafaa ijulikane tofauti ya chai hizi mbili. Mti wa chai ni mmoja, ule ambao wataalamu huuita Camellia sinensis, na mchumaji hodari huchuma majani mawili na kichipukizi chao. Majani mabichi yakifika kiwandani hunyaushwa kwa hewa kwa muda wa saa nyingi mpaka yalegee. Baada ya hapo njia hutengana. Chai iliyo nyingi katika Kenya hupitishwa katika mashine yenye mapipa mawili ya chuma yenye meno, yazungukayo kwa kasi mbalimbali, ambayo huponda, hupasua na kuviringisha majani kwa pamoja. Mashine hiyo ilibuniwa Assam katika India yapata mwaka 1930. Kitokacho si jani tena bali ni chembechembe ndogo ngumu. Kwa kuwa jani limepasuliwa kila upande, hutoa rangi na nguvu yake yote mara liguswapo na maji ya moto. Kwa ajili hiyo chai ya chembechembe yafaa sana kwa kupikwa na maziwa: huyashinda maziwa.

Njia ya pili ni ya zamani zaidi. Majani yaliyonyaushwa huviringishwa polepole bila kukatwakatwa, kama mtu asuguaye majani kati ya viganja viwili. Kisha huachwa kupata hewa mpaka yageuke rangi ya shaba, na mwisho hukaushwa. Jani hubaki zima au karibu na zima, limejikunja. Likitiwa katika maji hufunguka kidogo kidogo, na ladha yake hutoka kwa utaratibu: kwanza harufu, kisha utamu mdogo, kisha nguvu, na mwisho uchungu. Ndiyo maana ya kusema kwamba chai hii haitaki kuchemshwa. Achemshaye huzipita hatua tatu za kwanza mbio na kufika moja kwa moja katika ile ya mwisho.

Zamani chai hii ilikuwa vigumu kupatikana madukani katika Kenya. Siku hizi viwanda kadhaa huitengeneza, hata baadhi ya vile vya wakulima wadogo, kama kile cha Kangaita katika Kirinyaga.

Hapa yafaa kutua kidogo, maana jambo hili lina historia yake. Miche ya kwanza ya chai katika Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903. Kwa miaka mingi baadaye kilimo hicho kilikuwa cha makampuni na walowezi, na Mwafrika alionekana katika mashamba hayo kama mchumaji wa mshahara tu. Ni katika miaka ya 1950 ndipo wakulima Waafrika walipoanza kupanda chai yao wenyewe kwa wingi. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati, katika Nyeri, mwaka 1957, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA la kuwahudumia. Leo wakulima hao ni zaidi ya 600,000. Hata hivyo yapata sehemu tisa katika kumi za chai ya Kenya huuzwa nchi za ng'ambo, na nyingi hupita katika mnada wa Mombasa. Mtu aweza basi kuchuma chai tangu ujana hadi uzee asiwahi kuionja jinsi ilivyo, bila maziwa wala sukari. Hilo si jambo la anasa tu. Bei ya mnadani hufuata sana ulimi wa mwonjaji, na mwonjaji huyo ajua mara moja kama majani yalichumwa vema au kama yalikuwa makavu na magumu. Mkulima asiyeijua ladha hiyo huletewa hesabu ya fedha zake bila kujua ni nini kilichopimwa.

Tuje sasa kwenye vyombo. Mwenye buli la udongo au la kaure na alitumie. Asiye nalo asijisumbue kununua. Sufuria ndogo yenye kifuniko yafaa, au jagi la enameli lililofunikwa kwa kisahani. Linalotakiwa ni chombo kishikacho joto, kisicho na harufu ya mchuzi, na chenye nafasi ya kutosha majani kufunguka. Vile vichujio vidogo vya waya vyenye umbo la yai, ambavyo hufungiwa majani ndani, havifai sana kwa chai hii; jani likivimba halina mahali pa kwenda, na mtu hulipa bei ya jani zima akapata ladha ya nusu jani. Ni afadhali majani yaachwe huru majini, kisha chai ichujwe kwa kichujio cha kawaida wakati wa kumimina. Kabla ya yote chombo kipashwe moto kwa maji ya moto kidogo, na maji hayo yamwagwe. Wengi hudharau jambo hili, lakini chombo baridi hunyang'anya maji joto lake katika dakika ile ile ambayo majani huyahitaji zaidi.

Ama kwa habari ya maji, yawe safi na yawe yamechemka kwelikweli, kwa afya na kwa ladha pia. Maji ya mvua yaliyotekwa kutoka paa safi hutoa chai iliyochangamka. Maji ya visima vya pwani, na ya visima vingi virefu vya bara, huwa na chokaa. Chai itengenezwayo nayo hupoteza uangavu, na juu yake hutanda utando mwembamba kama mafuta. Mtu aonaye utando huo asidhani kwamba dukani ameuziwa chai mbaya. Ajaribu kwanza maji mengine.

Liko jambo moja ambalo wenyeji wa nyanda za juu hawana budi kulijua. Katika Mombasa maji huchemka kwenye joto la digrii 100. Lakini kadiri mtu apandavyo mlima, ndivyo maji yachemkavyo mapema, kwa kuwa uzito wa hewa hupungua. Kila mita 300 hivi hupunguza digrii moja. Katika Nairobi maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, na katika Limuru kwenye 92 au 93, wala kuongeza kuni hakuwezi kuyapandisha zaidi. Ndiyo sababu maharagwe hukawia kuiva huko juu. Chai nayo hukawia. Maandishi mengi ya mapishi yalitungwa na watu waishio karibu na usawa wa bahari, na muda waliouandika hautoshi kwa mtu wa Kinangop. Huyo aongeze dakika moja, na buli lake alifunike kwa kitambaa kizito ili joto lisipungue zaidi.

Kipimo ni gramu 2 za majani kwa kila kikombe cha kawaida. Asiye na mizani atumie kijiko cha chai: kijiko kimoja kilichojaa cha majani makubwa ni karibu na kipimo hicho. Kwa chai ya chembechembe, ambayo ni nzito, kijiko kisichojaa chatosha. Kwa hesabu hiyo pakiti ya gramu 50 itatoa vikombe 25. Yule mama wa Nyeri, kwa vijiko vyake viwili vikubwa, alitumia katika sufuria moja majani ambayo yangewatosha wageni kadhaa, na bado hakupata ladha. Majani yakitiwa katika chombo kilichopashwa moto, maji yamiminwe juu yake yakiwa bado yatokota, si baada ya kwenda kuzungumza na jirani. Chombo kifunikwe mara hiyo hiyo. Kisha ni kungoja.

Kungoja huko ndiko sehemu ngumu ya somo hili, maana mikono haina kazi. Kwa chai nyeusi ya majani makubwa muda ni dakika 3 hadi 5. Katika sehemu za juu, 4 hadi 6. Saa itazamwe, iwe ya ukutani au ya simu ya mkononi. Macho hayaaminiki katika jambo hili, kwa sababu rangi hutangulia ladha: baada ya dakika moja kikombe chaweza kuonekana chekundu kana kwamba kimekolea, hali ladha yake bado ni ya maji. Dakika zikitimia, chai ichujwe yote. Isiachwe juu ya majani kungoja wa pili na wa tatu waje. Atakayechelewa atakuta uchungu. Ikiwa wanywaji watakuja mmoja mmoja, chai iliyochujwa itiwe katika chupa ya kuhifadhi joto, bila jani hata moja ndani yake. Wala majani yasikamuliwe kwa kijiko ili kuyatoa tone la mwisho. Tone hilo ndilo kali kuliko yote.

Kosa la aanzaye, karibu kila mara, ni moja. Akitaka chai nzito, huongeza muda. Hapana. Atakaye chai nzito na aongeze majani, muda uwe ule ule. Muda ukizidi hauongezi ladha njema. Huongeza ukakasi na uchungu tu. Maneno haya mawili watu huyachanganya, nayo si mamoja. Ukakasi ni ile hali ya ulimi kukauka na kukunjamana, kama mtu aliyeuma ndizi mbichi. Ukiwa kidogo ni sifa ya chai ya Kenya, na hufanya mtu asikie kinywa chake kimeamka. Uchungu ni ule wa mwarobaini, nao ukishika kikombe kizima ni dalili ya kwamba majani yamekaa mno.

Aliye na nusu saa ya nafasi afanye jaribio hili mara moja tu katika maisha yake. Achukue vikombe vitatu vinavyolingana, atie kijiko kimoja cha majani katika kila kimoja, amimine maji yaliyochemka, na kufunika kwa visahani. Cha kwanza akichuje baada ya dakika 2, cha pili baada ya dakika 4, cha tatu baada ya 8. Aache vyote vipoe kidogo, kwa maana ulimi uliochomeka hausikii kitu, kisha aonje kimoja baada ya kingine bila sukari wala maziwa. Waonjaji wa kazi hiyo hufyonza chai kutoka kijikoni kwa kelele kubwa, ili ichanganyike na hewa na kuenea kinywani mwote. Watoto watafurahi sana kuruhusiwa kufanya hivyo mezani, na yafaa waambiwe mapema kwamba ruhusa ni ya siku hiyo moja. Kikombe cha kwanza kitakuwa chepesi, chenye harufu zaidi ya ladha. Cha tatu kitakuwa kikali. Kati ya hivyo viwili kila mtu ataona mahali pake mwenyewe, nao si lazima pawe mahali pa jirani. Kwa kazi yao ya kulinganisha, waonjaji wana kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1980: gramu 2 kwa mililita 100 za maji, na dakika 6 kamili. Kikombe cha namna hiyo ni kikali sana, nacho kimekusudiwa kufichua makosa ya chai, si kumburudisha mtu.

Je, maziwa ni marufuku? La, hasha. Chai nyeusi ya majani makubwa iliyokolea vizuri yaweza kuchukua maziwa kidogo, yaliyochemshwa mbali na kuongezwa kikombeni. Lakini yafaa mtu ainywe tupu siku chache za kwanza, apate kujua alichokinunua. Atakaye ile chai ya kupikwa pamoja na maziwa, yenye tangawizi au iliki, na aipike kwa chembechembe kama desturi, wala asione haya. Kila chai na chombo chake. Kumwaga majani mazima ya bei kubwa katika sufuria ya maziwa ni sawa na kusaga mahindi ya mbegu.

Juu ya sukari neno ni fupi. Shirika la Afya Ulimwenguni lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari iongezwayo isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu za chakula cha siku, na kwamba ni bora zaidi ikiwa nusu ya hiyo, yaani vijiko sita vya chai hivi kwa mtu mzima. Anywaye vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu amevipita vijiko hivyo sita kabla ya chakula cha jioni. Chai isiyochemshwa mno haina uchungu wa kufichwa, na wengi waizoeao hujikuta wakipunguza sukari bila kulazimishwa.

Liko jambo jingine la afya lililo zito kuliko hilo, nalo lahusu akina mama wajawazito na watoto wadogo. Ndani ya chai mna vitu ambavyo hushika madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, mboga na nafaka, na kuyazuia yasiingie mwilini. Madini hayo ndiyo yajengayo damu. Katika nyumba ambayo nyama ni ya sikukuu, mboga na maharagwe ndiyo tegemeo la damu, na kikombe cha chai nzito kinywewacho pamoja na chakula hicho hupunguza faida yake. Haifai basi mtoto mdogo apewe chai pamoja na chakula chake, na mama mja mzito, hasa yule aliyeambiwa zahanati kwamba damu yake ni haba, aiweke chai mbali na chakula, saa moja au zaidi. Katika nyumba nyingi chai hunywewa juu ya chakula kwa mazoea tu, na mazoea hayo yaweza kubadilishwa bila gharama yoyote.

Kadhalika chai isinywewe ikiwa ya moto mno. Mwaka 2016 idara ya uchunguzi wa saratani ya Shirika la Afya Ulimwenguni ilitangaza kwamba vinywaji vizidivyo digrii 65 yaelekea husababisha saratani ya umio, yaani njia ipitishayo chakula kwenda tumboni. Kosa si la chai bali la joto. Dakika chache za kungoja kikombeni hazipotezi kitu. Harufu ya chai njema husikika vizuri zaidi ikipoa kidogo.

Baada ya kununua chai, kuitunza. Jani kavu la chai ni kama sifongo. Huvuta kila harufu iliyo karibu nalo. Mwenye duka awekaye chai katika rafu moja na sabuni za mche na mafuta ya taa huuza vitu vitatu kwa bei ya kimoja, na mnunuzi hugundua akiwa amekwisha kufika nyumbani. Jikoni mwa kuni chai hushika moshi, na karibu na dagaa hushika dagaa. Itiwe katika mkebe wa bati wenye kifuniko kinachobana, mahali pakavu, mbali na jua na mbali na meko. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu. Tena ni afadhali kununua pakiti ndogo mara kwa mara kuliko kubwa itakayokaa wazi mwaka mzima. Herufi ziandikwazo juu ya pakiti, kama OP, FOP au BOP, hueleza hasa ukubwa na umbo la jani, na mnunuzi asizichukue kuwa ni vyeti vya ubora. Akiweza aombe kuyaona majani: yawe na rangi ya kulingana, yasiwe na vijiti vingi, na yasiwe na vumbi chini ya mfuko.

Mtu akiisha kuizoea chai nyeusi ataona pengine chai ya kijani. Hiyo ni jani lile lile ambalo baada ya kuchumwa lilipashwa moto upesi ili lisigeuke rangi. Nayo haipendi maji yatokotayo. Joto la digrii 75 hadi 80 latosha, na asiye na kipima joto ana njia rahisi: avichukue vikombe vitatu vya maji yaliyotoka kuchemka, aongeze kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na kupoa, naye atakuwa karibu sana na joto hilo. Dakika 2 au 3 zatosha. Iko pia chai ya zambarau, ambayo asili yake ni mmea uliotolewa kwa wakulima mwaka 2011 na watafiti wa chai wa Kericho. Majani yake yakiwa mtini ni mekundu meusi, na hutengenezwa vema kwa maji yasiyotokota kama ya chai ya kijani. Tone la ndimu likitiwa kikombeni, rangi hugeuka kuelekea wekundu mbele ya macho ya watu. Huo si uchawi. Ni kazi ya ile rangi ya jani ikutanapo na ukali wa ndimu.

Turudi kwa yule mama wa Nyeri. Majani hayakuisha pakitini, na jioni yake kijana aomba ruhusa ya jiko. Apasha moto jagi la enameli, atia vijiko viwili vya chai, amimina maji yanayotokota, afunika kwa kisahani, na kuketi akitazama saa.

"Wangoja nini?" mama auliza.

"Dakika tano, mama."

"Na maziwa?"

"Yapo. Onja kwanza bila maziwa."

Mama aonja. Hasemi kitu, bali aonja tena. Kisha afanya jambo ambalo kijana hakulitazamia: achukua kijiko, ayatoa majani yaliyofunguka, na kuyatandaza juu ya kisahani mmoja mmoja kama atandazavyo majani mabichi mbele ya karani wa kituo cha kununulia chai. Katika maji ya moto jani limerudia umbo lake. Hapa pana kichipukizi, na majani yake mawili laini kando yake. Pale pana jani moja pana, gumu, ambalo halikufunguka vizuri.

"Hili lilikuwa la nne kutoka juu," mama asema, akilisukuma pembeni. "Aliyelichuma alikuwa na haraka."

Kisha ayarudisha yale mengine katika jagi. Majani mazima ya chai hii huweza kutiwa maji ya moto mara ya pili, yakakaa dakika moja au mbili zaidi ya mara ya kwanza, na bado yakatoa kikombe cha kupendeza. Kijana alikuwa hajamwambia hilo. Mama mwenyewe ndiye aliyekwenda kuliweka birika motoni.